Nyumba ya Picha

Zamani mtu akitaka kujenga alianza na kiwanja. Alikizunguka, akatazama maji yanaelekea wapi, upepo unatokea wapi, na jirani ni mtu wa namna gani. Siku hizi anaanza na picha. Picha imeingia kwenye simu usiku, imetumwa na mtu aliyetumiwa na mtu, na kukipambazuka inamfikia fundi ikiwa na maneno machache: fundi, nataka kitu kama hiki. Haina vipimo, haioneshi jua linachomoza upande gani, wala hakuna anayejua nyumba ile imesimama nchi gani. Fundi naye ana ada za watoto, anajibu kwamba inawezekana, bosi.

Ndiyo maana ukipita Goba, Madale, Bunju au Kibada, jijini Dar es Salaam, unaona nyumba ileile imejirudia mpaka unapotea njia. Sanduku jeupe juu ya sanduku la kijivu, vipande vya plastiki vinavyojifanya mbao pembeni ya mlango, na ukuta mmoja mweusi. Mweusi! Katika jiji ambalo mwezi Februari hata mbwa hatoki kivulini, mtu mwenye akili zake na mkopo wake anapaka ukuta wa magharibi rangi nyeusi, kisha anauliza kwa nini Luku inaisha haraka.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayo moja ya nyumba hizo. Nampenda shemeji. Ni kijana mchapakazi, hana makuu, na alijenga kwa jasho lake. Ila tangu ahamie kule nimekuwa nikienda kumtembelea na kurudi nyumbani nikinung'unika, mpaka mke wangu ameniambia kama nina wivu niseme.

Tuanze na jiko, maana ndilo linalokupokea. Ukifungua mlango wa mbele tu, hili hapa jiko. Halina ukuta. Liko palepale sebuleni, na katikati yake kuna meza ya mawe yenye viti virefu ambavyo mtu wa umri wangu anavipanda kwa kushikiliwa. Kwenye nyumba ya Kiswahili niliyokulia mimi, ile ya korido katikati na vyumba huku na huku, jiko lilikuwa uani. Mgeni alikaa barazani au sebuleni, chakula kikaja kimefunikwa kawa, akasifu. Nani kaunguza, nani kazidisha chumvi akaokoa kwa viazi, hayo yalibaki uani. Leo nimekaa kwenye sofa, naona kila kitu. Naona sufuria inavyofoka. Naona wifi ya mke wangu anavyonikatia kipande kidogo cha nyama. Naye ananiona nikimwona. Tunatabasamu.

Siku aliyokaanga dagaa wa Kigoma, mapazia yalinuka mpaka Ijumaa. Shemeji akatafuta dawa, na dawa yenyewe unaweza kuikuta nyuma ya nusu ya nyumba hizi: kibanda cha bati kimejengwa nje, kina jiko la mkaa, mtungi wa gesi, kinu, na beseni la vyombo. Chakula chote kinapikwa huko. Jiko la ndani limebaki na bakuli la matunda ya plastiki na taa tatu zinazoning'inia, kwa ajili ya picha za sikukuu. Kwa hiyo ana majiko mawili: moja la kupikia, na moja ambalo bado analilipia.

Wazee wa mwambao walikuwa na akili ya mambo haya. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu uone nyumba za mawe. Nje kuna ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, haukuambii lolote. Kuna baraza ya mtu yeyote apitaye, na mlango wa nakshi wa kumsuta jirani. Ukizidi heshima unaingizwa dakani, ukumbi wa mlangoni. Zile zidaka, yale mapambo ya chokaa yaliyochongwa ukutani kwa mkono, yalikuwa ndani kabisa, na ili uyaone ilibidi uwe mtu wa nyumba. Hata upana wa vyumba haukuamuliwa na mtu kupenda: boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari pana zaidi ya mita 3 hivi, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu, na watu wakaishi humo karne na karne bila kulalamika kwamba sofa la umbo la L halienei.

Sisi tumegeuza. Jiko tumelitoa hadharani, baraza tumeifuta. Shemeji hana baraza. Nilipomuuliza atakaa wapi jioni akanionesha sebule, na sebuleni kuna dirisha.

Sijui niliite dirisha. Ni kioo kuanzia sakafuni mpaka darini, kinatazama magharibi. Kwenye picha kulikuwa na msitu upande wa pili wa kioo. Kwa shemeji kuna jirani anayefua. Jua la saa tisa linaingia lote, linakaa, halitoki, maana kioo kinapitisha mwanga kwa ukarimu lakini joto likishaingia kinalifungia. Kwa hiyo limewekwa pazia jepesi, na juu yake pazia zito. Halafu wezi. Kwa hiyo nondo. Halafu mbu. Kwa hiyo wavu. Shemeji alilipia kioo cha mamilioni ili aone nje, na sasa saa saba mchana anawasha taa ili aone ndani.

Pangaboi hakuna, kwa sababu linaharibu jipsamu. Hiyo jipsamu nayo ni habari ndefu: imepanda ngazi, imeshuka, ina duara ndani ya mraba, na kwenye kila mkunjo wamefukia taa za kubadilisha rangi. Nilikaa nikila pilau, mchuzi ukawa wa buluu, ukawa wa zambarau. Upepo unatoka kwenye kiyoyozi peke yake. Umeme ukikatika, familia nzima inatoka na viti vya plastiki kwenda kukaa nje ya geti, barabarani, na hapo ndipo nilipomkuta shemeji ana furaha kuliko siku zote. Alikuwa anasalimiana na watu. Sikusema kitu, nilivuta kiti.

Nilijaribu kumsomesha. Nilimweleza habari za Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, aliyepewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata, na hakuna tuzo ya usanifu inayotajwa kuizidi. Jina lake lilianza kuvuma kwa shule ya msingi ya kijijini kwao, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni za tofali za udongo. Dari nayo ni ya udongo, imeachiwa matundu. Na juu yake, mbali kidogo, limeinuliwa bati. Bati hilihili! Hewa ya moto inapanda, inapita kwenye matundu, inatoka katikati ya dari na bati, na watoto wanasoma bila kiyoyozi katika nchi ambayo joto lake linafanya la kwetu lionekane la Lushoto. Nikamwonesha picha, maana najua ndiyo lugha anayoielewa. Akaitazama kwa makini, akaikuza kwa vidole viwili.

"Jipsamu iko wapi?"

"Haina jipsamu, shemeji."

"Ahaa," akasema kwa huruma. "Kumbe hawajamaliza."

Uani, au tuseme pale ambapo pangekuwa uani, kulikuwa na mwembe. Mwembe mkubwa, wa tangu shamba lilipokuwa shamba. Ulikatwa kwa kosa la kudondosha majani kwenye pevingi. Hiyo pevingi imetandazwa kuanzia ukuta mpaka ukuta, hakuna hata pa kumwaga maji ya kunawa yakazama. Pembeni kuna utepe wa nyasi bandia, ambazo saa sita mchana huwezi kuzikanyaga bila viatu, na miashoki mitatu iliyosimama wima, miti isiyo na tunda la kuliwa wala kivuli cha kumtosha mtu mmoja mnene.

Dar es Salaam inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inashuka wakati wa masika, kwa hasira. Zamani ardhi ya kiwanja ilikunywa sehemu yake. Sasa kila kiwanja kimevikwa pevingi, na maji yanapitishwa chini ya geti kwenda kwa anayefuata, naye anayapeleka kwa anayefuata, mpaka yanamfikia bwana wa bondeni ambaye hana wa kumpa. Kwenye grupu la mtaa wa shemeji, masika yote watu wanatumiana video za mafuriko na kumlaumu mwenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyewahi kutuma picha ya ua wake.

Bafu la beseni refu lililosimama katikati ya chumba sitalizungumzia sana. Maji ya bomba kule ni ya mgao. Wameweka ndani yake ndoo nne.

Lakini yote hayo ningeyanyamazia kama isingekuwa paa. Mimi nimekulia wakati ambapo bati lilikuwa tangazo. Mtu akitoka kwenye makuti akaingia kwenye bati, mtaa ulijua, na mvua ikinyesha usiku alilala akisikiliza kelele za mafanikio yake. Baadaye zikaja bati za rangi, kisha za msauzi, na ndugu waligombana kwa ajili ya kuchagua kijani au damu ya mzee. Leo bati ni aibu. Unajenga ukuta unapita dari, unaendelea kupanda, na bati unalilaza nyuma yake kwa mteremko mdogo mno, mtu wa barabarani aamini huna. Kichekesho ni kwamba juu ya hilo paa lililofichwa, kwenye mnara wake, limekaa tangi jeusi la lita 2,000, na hilo linaonekana kuanzia kituo cha daladala.

Ujanja huu una wazee wake. Le Corbusier, yule Mswisi aliyehamia Ufaransa na kuwafundisha watu kwamba paa liwe bapa, aliijengea familia ya Savoye nyumba huko Poissy, karibu na Paris, ikakamilika mwaka 1931. Ikavuja. Mama Savoye alimwandikia barua kwa miaka: mvua ukumbini, mvua kwenye njia ya kupandia ghorofani, ukuta wa gereji umelowa. Vita vilipofika mwaka 1940 familia ikaondoka. Leo nyumba hiyo ni makumbusho, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2016, na kila mwanafunzi wa usanifu anaichora. Hakuna anayelala humo, na mimi nadhani hiyo ndiyo siri ya sifa zake.

Mtu mwingine wa mapaa ni Beda Amuli wetu, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki. Alipochora Soko la Kariakoo miaka ya 1970 hakuona haya kuwa na paa. Alilitangaza: miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, inapokea mvua na kuipeleka kwenye matangi chini ya ardhi. Paa lile lilikaribisha maji. La shemeji linayakana, na maji hayajui kukanwa.

Masika ya kwanza baada ya kuhamia, majani yalipeperuka kutoka kwa jirani (jirani bado ana mwembe wake) yakaziba mfereji uliopo kati ya bati na ule ukuta wa kufichia. Maji yakajaa, yakakosa pa kwenda, yakarudi chini ya bati, yakaingia darini. Jipsamu haina siri. Ilianza kwa doa la rangi ya chai, doa likapanuka, duara likaanza kuning'inia ndani ya mraba wake, na siku ya Jumapili wageni wakiwepo likashuka lote juu ya lile sofa, likiwa bado linawaka zambarau.

Fundi akaja na silikoni. Mvua iliyofuata akaja na lami. Iliyofuata hakuja, akazima simu. Shemeji akatafuta fundi mwingine, mtu mzima, ambaye alipanda ngazi, akakaa juu huko kwa muda, akashuka akijifuta mikono kwa ustaarabu wa daktari aliyebeba majibu mabaya.

"Bosi, hapa dawa ni kupaua upya. Tuinue kenchi, bati lipate mteremko wa maana, maji yavuke ukuta yaanguke nje. Hutasumbuka tena."

Moyo wangu ukachanua. Nilitaka kumkumbatia mzee yule. Shemeji alikuwa anatazama juu, amekunja uso.

"Kwa hiyo bati litaonekana?"

"Litaonekana kidogo."

"Mpaka barabarani?"

Fundi akanitazama mimi, akamtazama shemeji, akakumbuka ni nani kati yetu anayelipa.

"Wala usijali, bosi. Tutaongeza kozi nne za tofali kwenye ukuta, hakuna atakayeliona."