Mzee Mwenye Mguu wa Sentimita 12

Wahenga walimshughulikia mtaka cha mvunguni, wakamwambia ainame. Mtaka cha kitandani, tena mwenye mguu wa sentimita 12, hawakumsemea neno. Huyo waliniachia mimi.

Kwetu Tabata anaitwa Mwendokasi. Alikuja na jina la Kijerumani, ila halikumaliza wiki mtaani. Watoto walimwona mrefu, na akikata kona katikati panajikunja kama lile basi la mwendokasi, wakambatiza upya. Nilimrithi kwa Mjerumani niliyekuwa nafanya naye kazi, aliyerudi kwao na hakutaka kumpandisha ndege. Ni mbwa wa aina ya dachshund. Dachs kwa Kijerumani ni mnyama mchimba mashimo, binamu wa nyegere, na wawindaji wa huko walimzalisha mbwa huyu awe mrefu na mfupi kwa wakati mmoja ili amfuate mnyama yule shimoni. Shimoni, jamani. Hakuna aliyemkusudia kwa kitanda cha sita kwa sita.

Aliyempandisha kitandani mara ya kwanza ni mke wangu, na nitalisema hili hata kama atasoma. Yeye ndiye aliyeapa kwamba mbwa akivuka kizingiti cha chumba, yeye anarudi kwao Tanga. Nikasafiri kikazi Dodoma wiki moja, ilikuwa masika, radi zikapiga. Niliporudi nilikuta upande wangu una mwenyewe, kafunikwa kanga mpaka shingoni. "Anaogopa radi," nikaambiwa, kwa sauti ya chini asiamke. Radi zilikwisha Mei. Yeye hakushuka.

Au tuseme alishuka, na hapo ndipo penye tatizo. Daktari wa mifugo alinieleza huku akimpapasa mgongo. Kati ya pingili na pingili za uti kuna diski yenye ute ndani, ndiyo inayomeza kishindo. Kwa mbwa wa umbo hili ute ule huanza kukauka na kuwa mgumu kama chokaa angali mdogo, na inakadiriwa kwamba mmoja kati ya wanne hupata matatizo ya diski maishani. Wengine hupooza miguu ya nyuma. Kila akiruka kutoka kitandani, mgongo ndio unaolipa. "Mpanda ngazi hushuka," alisema daktari, "sasa huyu wako hana hata ngazi." Akanipa njia tatu: ubao wa mteremko, ngazi, au alale chini. Hiyo ya tatu niliifikisha nyumbani kama nilivyotumwa. Sikujibiwa.

Nikaanza na ubao. Kitanda chetu ni cha harusi, cha mninga, na ukijumlisha godoro la inchi 10 ni sentimita 70 kutoka sakafuni. Mbwa mfupi anataka mwinuko wa nyuzi 20 hivi, usizidi sana. Nikafufua hesabu za pembetatu nilizozika sekondari: ubao uwe mita 2 na kitu, na sakafuni ule sentimita 192. Kutoka kitandani hadi mlangoni zipo 177. Maana yake ncha ya ubao ingetokeza koridoni na mlango usingefungwa tena, ilhali mama mkwe akija hulala chumba cha jirani.

Basi nikadanganya hesabu. Nikachukua mlango wa kabati la zamani, wa mita moja na nusu, nikauegemeza. Mwendokasi, kwa imani aliyonayo kwangu, akapanda. Alipofika katikati, ule mlango ukakumbuka kwamba uko juu ya vigae. Ukateleza kama jahazi linaloshushwa majini, yeye juu yake kama nahodha, masikio nyuma, hadi wakatia nanga kwenye kabati la nguo. Hakuumia. Ila kwa wiki nzima kila mlango ndani ya nyumba aliuzunguka kwa mbali.

Ikabaki ngazi. Nikaenda Keko kwa mafundi seremala. Sasa, mtu mzima na ndevu zake hawezi kusimama Keko, mafundi wamemzunguka, akasema anataka ngazi ya kumpandishia mbwa kitandani. Ningekuwa hadithi mpaka Mbagala. Nikasema ni ya mzee.

"Mgongo?" fundi akauliza.

"Mgongo."

"Pole sana, bosi. Vidato vingapi?"

"Vinne. Kimo sentimita 14 kila kimoja, pa kukanyagia 40."

Ile 40 nilikuwa nimeipima nyumbani kwa tepu ya cherehani. Kidato kikiwa chembamba, miguu ya mbele ya Mwendokasi inakuwa kidato cha tatu na ya nyuma ingali chini, mgongo umejikunja kama upinde, jambo lile lile tunalolikimbia. Fundi aliandika kwenye kipande cha ubao, akasita.

"Kumi na nne ni fupi mno, bosi. Kwani mguu wa mzee una urefu gani?"

Ulimi unateleza kuliko vigae. "Kumi na mbili."

"Sentimita?"

"Amepungua sana, fundi."

Randa iliyokuwa ikisikika pembeni ikanyamaza. "Na uzito je? Nijue unene wa mbao."

"Kilo tisa."

Fundi akavua kofia. Akanipunguzia bei bila kuombwa.

Ngazi ililetwa na guta, na tangu siku hiyo kila Ijumaa simu yangu ikawa inapokea ujumbe: "Mzee anaendeleaje?" Nami nikawa najibu, "Anapanda." Na yeye: "Mungu ni mkubwa."

Kupanda kwenyewe kulifundishwa kwa dagaa. Kidato cha kwanza alifaulu siku hiyo hiyo. Cha pili alikirudia wiki nzima. Alipomaliza kidato cha nne mke wangu alipika pilau, mimi nikala ukoko. Kisha mhitimu wetu akavuka kitanda, akarukia chini upande wa pili.

Tukaweka ukuta wa mito upande ule. Kilichofuata ni chandarua, ambacho sikukifikiria hata kidogo. Mbwa wa kupanda na kushuka usiku anataka mwanya, na mwanya haubagui. Mbu wa Tabata ambao zamani walizunguka nje wakinung'unika, sasa walikuwa na ngazi ya mninga.

Usiku mmoja nikaamka kwenda msalani. Ngazi ilikuwa inakula sentimita 160 za sakafu, mimi nimeachiwa 17. Mchana nilizoea kupita kiubavu kama kaa. Usiku nilisahau. Sitaeleza nilivyoanguka, itoshe kwamba mke wangu aliwasha taa akauliza kwanza kama mbwa yuko salama. Daktari, huyu sasa wa watu, aliibonyeza diski yangu na kuniamuru nisiruke, nisiiname, na kama kitanda ni kirefu nitafute kitu cha kukanyagia. Mke wangu akaitazama ngazi. Nami nikaitazama.

Ni ngazi nzuri, niseme ukweli. Mguu wote unakaa. Mwendokasi yeye ameiacha: joto lilipoingia aligundua kwamba vigae vya uvunguni ni vya baridi, akahamia huko na kandambili yangu ya kushoto. Naiona kabisa ilipo. Anayeitaka sharti ainame, na mimi nimekatazwa.

Jumamosi iliyopita fundi alikuja kupigilia vipande vya tyubu ya baiskeli chini ya ngazi isiteleze. Mke wangu, ambaye sikuwahi kumweleza habari za Keko, alimkaribisha moja kwa moja hadi chumbani. Alinikuta kidato cha tatu, mkono kiunoni. Akavua kofia, akanitazama miguu, taratibu, kutoka kisigino mpaka gotini.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Naona miguu imerudi."