Sungura wa Kuchorwa Hatoki Damu: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Uingereza

Kwa Bodi Tukufu, London.

YAH: PONGEZI KWA UAMUZI WA MWAKA 2022

Bodi inastahili pongezi kwa kukiri, miaka 44 baada ya filamu ya katuni Watership Down kutolewa, kwamba sungura wanaoraruana, wanaofukiwa hai mashimoni mwao na kunaswa kwa waya hadi damu ikawatoka mdomoni, huenda wakamtisha mtoto kidogo. Filamu hiyo ikahamishwa kutoka daraja U, yaani ruhusa ya watu wa rika zote, hadi PG, ambalo humtaka mzazi apime kwanza mwenyewe. Watoto walioitazama mwaka 1978 bila shaka wamefarijika, wale wenye wajukuu wakiwemo. Miongoni mwa sababu zilizotolewa imo lugha isiyo ya adabu, kosa la shakwe mmoja mwenye hasira, na hivyo hakuna atakayedai kwamba Bodi huwapuuza ndege.

Hata hivyo, hoja ya awali ya Bodi haifai kusahauliwa. Ilishikiliwa kwamba uchoraji huiondolea damu uhalisia wake, na kwamba majonzi ya mtoto hukoma hadithi inapokoma. Kwa kanuni hiyo, umri wa mtazamaji huamuliwa na kalamu iliyochora, wala si na kilichochorwa. Kituo cha televisheni cha Channel 5 kilionekana kuiamini kikamilifu, kwa kuwa kiliirusha filamu hiyo mchana wa Jumapili ya Pasaka mwaka 2016, sikukuu ambayo watoto wa Kiingereza hupewa sungura wa chokoleti, kisha wazazi wakalalamika.

Linalowatatiza wazazi na Bodi kwa pamoja ni kwamba Richard Adams, aliyechapisha riwaya yenyewe mwaka 1972, aliianza kwa kuwasimulia binti zake wawili wakiwa safarini garini. Hadithi ilikuwa ya watoto tangu mwanzo, vifo vikiwemo. Tofauti ni kwamba msimulizi alikuwa kando yao, awezaye kuulizwa swali na kunyamaza pale inapobidi, huduma ambayo herufi U haikuwahi kuitoa.

Bango la kuitangaza filamu, kwa upande wake, lilimwonyesha sungura akiwa na kitanzi shingoni. Kwa kuwa lilimpa mzazi taarifa sahihi tangu 1978, tena bila kikao, Bodi inaombwa ilifikirie nafasi ya ukaguzi itakapotokea.