Shukrani za Kanyaruchinya kwa Waziri wa Mafunzo ya Ufundi, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Wanafunzi wa ufundi wanaosomea kwenye simu huko Kanyaruchinya, karibu na Goma, wanakushukuru. Ni raia wachache duniani wanaoheshimiwa na serikali yao kiasi cha kutosumbuliwa hata kwa fomu moja ya mkopo.

Wakenya hawana bahati hiyo. Tangu 1995 wana bodi yao ya mikopo, HELB, ambayo siku hizi inawaandama hadi watoto wa vyuo vya ufundi: wakopeshwe leo, wadaiwe kesho. Tanzania nayo ikaingia mkumbo huo mwaka wa masomo 2023/2024, bodi yake ya mikopo, HESLB, ilipoanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada. Huko Kanyaruchinya serikali haimdai mwanafunzi hata franka. (Anayemdai ni muuza mega za intaneti, lakini huyo hayuko chini ya wizara yako.)

Masomo yenyewe yanaendelea. Binti wa ushonaji hupokea sauti ya mwalimu kwa WhatsApp, akaibana simu sikioni kwa kuwa spika imekufa, kisha akakata kielelezo cha kola kwenye mfuko wa saruji. Cherehani ni ya jirani, huipata jioni tu. Video haifungui kamwe. Moja tu humaliza mega za wiki.

Na hata serikali ingetaka kuwasaidia, msaada ungepitia wapi? Waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Wachokozi watasema kuna M-Pesa na Airtel Money, ambazo hata mama muuza sombe anazitumia. Wasisikilizwe. Haohao ndio wanaouliza habari za INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa 1964, ambayo waajiri huichangia kwa asilimia ya mishahara ili watu wafundishwe kazi. Eti sehemu ya mchango huo haiwezi kununua mega?

Tatizo lingine ni anwani. Mwaka 2012 Kanyaruchinya ilijaa wakimbizi wa ndani, wakatawanyika Novemba Goma ilipoanguka. Ikajaa tena 2022, kambi zikavunjwa Februari 2025. Kwa mtu wa kuhamahama namna hiyo, darasa la kwenye simu ndilo pekee linaloweza kumfuata, na wizara haiwezi kutarajiwa kukimbia kasi hiyo.

Wanafunzi wana ombi dogo. Fomu ya mkopo ikitungwa siku moja, isidai risiti ya benki wala cheti cha makazi. Namba ya simu yatosha. Na itumwe usiku, mega zikiwa nafuu.