Uzalendo wa Kiwiko

Siku hizi uzalendo huvaliwa kiwikoni. Mheshimiwa akipanda jukwaani Bungoma, kwanza huinua mkono tuione bangili ya bendera ya Kenya: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani. Barabara aliyoahidi itaonekana baadaye, inshallah. Mama aliyeitunga bangili hiyo sebuleni kwake Kitale, shanga moja moja kwenye uzi wa nailoni, machozi yakimtoka, huambiwa, "Mama, mia mbili? Si ni uzi tu na vishanga!" Na hivyo vishanga vya kioo tunavyoviita asili yetu, vile bora hutoka Ucheki, jasho ndilo la Kitale. Mwaka 2027 kuna uchaguzi, mikono itainuliwa mingi. Ndugu mnunuzi, mlipe mama bei aliyoitaja.