Pakiti Imefika, Haijafika

Pole, msimamizi wa seva ya Linux. tcpdump inakuonyesha pakiti imeingia eth1 salama salimini. Programu inaapa haijaona kitu. Katikati yao amekaa rp_filter, bawabu asiyejali unakokwenda: anachotaka kujua ni kama ukirudi utapitia mlango uleule. Jibu lingetokea eth0? Basi pakiti inatupwa, tena kimyakimya, maana log_martians kwa kawaida imezimwa. (Ukitaka kuambiwa umenyimwa, nako kuna swichi yake.) Unaandika 0 kwenye rp_filter ya eth1, unashusha pumzi. Wapi! Kerneli inalinganisha thamani ya eth1 na ya "all", kisha inashika iliyo kubwa. Huko "all" kuna 1. Fundi wa mtandao, maskini, yuko chini ya meza, anabadilisha waya.