Kabati la Vitabu Halifichi Mtu

Wazee wa Bagamoyo wakiletewa posa huuliza ukoo, kazi na dini. Mimi ningetaka kwanza kuonyeshwa vitabu vya bwana harusi.

Nenda Mapinga au Kerege, kwa hawa waliohamia kutoka Dar na kuzungusha kuta ndefu. Sebuleni utakuta kabati la vioo lenye ensaiklopidia, juzuu zote zimepangwa kwa urefu, kurasa zimegandana tangu kiwandani. Pembeni vipo vitabu vya kutajirika upesi, na mwenye nyumba bado anadaiwa mabati. Msahafu ulio juu ya kabati, umefungwa kitambaa, siutii kwenye gumzo hili.

Halafu pita Magomeni yetu ya Bagamoyo kwa mwalimu mstaafu. Kusadikika ya Shaaban Robert jalada limetoka, kaishona kwa uzi. Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, ya 1969, imejaa alama za penseli. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, imevalishwa gazeti. Ukiikuta hivyo, usiulize. Huyo aliisoma dawatini, mwalimu wake akiwa mbele anafundisha hesabu.

Huku pwani kitabu kisichoguswa hakidumu. Unyevu wa bahari hukikunja, mchwa humalizia. Kwa hiyo kabati safi lina maana mbili tu: mwenyewe anasoma, au amenunua dawa.

Lakini kinachonikera si wasiosoma. Ni wanaosoma vya wenzao. Juzi nimekaa kwa shemeji yangu, nangoja chai, naiona Kuli ya Adam Shafi. Naifungua: jina langu limepakwa wino mweupe wa kufutia, juu yake kaandika la kwake, tena kwa mwandiko mzuri.

"Shemeji, hiki si changu?"

"Vitabu vinafanana, shemeji. Kunywa chai."

Nimekunywa. Ila kila nikichungulia kabati la mtu mjini hapa nakuta vya jirani, vya shule ya binti, kimoja chenye mhuri wa maktaba. Ukimdai atakuambia atarudisha Ijumaa. Mwezi hautaji.

Sasa wewe uliyeazima Kasri ya Mwinyi Fuad, unajijua. Ijumaa ndiyo kesho. Usipokuja, nitakuja mwenyewe, na chai sitaki.