Jogoo Hana Kibali

Sheria inayokataza kufuga kuku katika komini yetu sijawahi kuiona kwa macho, lakini imeshakula jogoo wangu mmoja, matetea kadhaa na pesa ambayo ingetulisha bukari, yaani ugali, wiki nzima. Inaishi midomoni mwa wakaguzi wa usafi. Hao hupenda kupita kiangazi, Juni au Julai, saa zile za asubuhi ambazo mtu wa Lubumbashi hatoki nje bila kujifunga blanketi, maana mji uko juu, mita kama 1,200, na baridi yake haina adabu. Wanabisha lango la lupangu, yaani la kiwanja cha nyumba, wanaingia, wanatazama chini, wanaona kinyesi.

"Papa, hii kuku ni ya nani?"

"Ni ya hapa, shefu."

"Sheria inakataza."

"Sheria gani?"

"Sheria iko."

"Iko wapi?"

"Iko."

Basi, mjadala umekwisha, yameanza mahesabu. Faini inatajwa kwa dola, inashuka kwa faranga, inatua kwenye madesu ya bana, ile hongo ndogo. Kama mfuko ni mtupu, mshitakiwa mwenyewe anaondoka kichwa chini miguu juu, amefungwa kwa kamba ya gunia, akilalamika mpaka kona ya avenu. Na wote waliokamatwa kwa kosa la kuchafua mji, hakuna aliyewahi kurudi kueleza kesi yake iliishia wapi. Harufu ya mafuta ya mawese jioni ile, mimi sikuisikia, nilihadithiwa tu.

Nilipoanza kuisaka sheria hiyo, rafiki yangu mwanasheria alinitolea kitu cha karibu zaidi alichokuwa nacho: amri namba 74/345 ya tarehe 28 Juni 1959 kuhusu usafi wa umma katika miji na makazi. 1959! Uhuru umebaki mwaka mmoja, watu wengine wangekuwa wanafunga masanduku, Wabelgiji wanapanga takataka za watu watakaowaacha. Tangu siku hiyo Élisabethville imekuwa Lubumbashi, nchi imekuwa Zaire ikarudi kuwa Kongo, kampuni ya madini ya Union Minière imezaa Gécamines, mkoa umeitwa Katanga, ukaitwa Shaba, ukaitwa tena Katanga, kisha mwaka 2015 ukakatwa vipande vinne na sisi tukaangukia Haut-Katanga. Amri ile bado inatajwa ofisini kwa heshima zote. Inazungumzia usafi, na usafi ni gunia pana: mkaguzi akitia mkono anatoa mnyama yeyote anayemtaka.

Tena usafi una ukoo wake hapa kwetu. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910, mtawala wa Kibelgiji Emile Wangermée aliuchorea barabara zilizonyooka ambazo bado tunazitembea. Baadaye wakubwa wakaacha eneo tupu kati ya nyumba za Wazungu na cité ya Waafrika, wakasema ni kwa ajili ya afya, ili mbu wa upande huu wasiende kuwauma watu wa upande ule. Mbu hawakusoma tangazo. Sina hakika kuku walilisoma.

Na kuku wenyewe waliongezeka mjini kwa sababu zinazojulikana. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Watu waliozoea kupewa unga, shule na hospitali na kampuni iliyoitwa baba na mama, wakabaki na bahasha na lupangu. Mtu mwenye lupangu anafanya nini? Mmoja ananunua mashine ya kusaga, mwingine anafungua duka la vocha, mwingine anaweka kuku. Mayai ya madukani yanapita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, pamoja na unga na kuku wa barafu. Agosti 2024 nchi hizi mbili zilipokosana kwa ajili ya soda na bia, Zambia ikafunga mpaka. Ilikuwa kwa siku chache tu, lakini nilitazama omleti yangu kwa macho mengine: yai langu lilikuwa linategemea amani ya walevi. Tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza mtu anayeniambia kwamba kuku wa nyuma ya nyumba ni mambo ya kijijini.

Jogoo wangu wa sasa anaitwa Kidiaba. Wapenzi wa TP Mazembe hawahitaji maelezo. Kwa wengine: mwaka 2010, timu yetu ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu ikacheza na Inter ya Milano, golikipa Robert Kidiaba alikuwa akishangilia magoli kwa kukaa chini na kurukaruka kwa makalio uwanjani, dunia nzima ikabaki mdomo wazi. Jogoo huyu alivunjika mguu akiwa kifaranga, akapona vibaya, na kila akipanda tetea anashuka kwa mtindo huohuo. Jina lilijileta.

Sasa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mchungaji wa kanisa la uamsho. Ijumaa anakesha na waumini wake uani, spika mbili zimeelekezwa mbinguni lakini zinapitia kwanza dirishani kwetu. Umeme ukikatika anawasha jenereta, kwa hiyo tunaombewa kwa sauti mbili. Sijawahi kulalamika. Usiku mmoja alihubiri habari za Petro kumkana Bwana. Alikuwa amefika mahali pa mtumishi wa kike pale kwenye moto, sauti ameishusha, watu wametulia, na Kidiaba akawika. "Amina!" wakajibu waumini, wamefurahi, wengine wakidhani ni mpango wa kanisa. Mchungaji akaendelea. Petro akakana tena, Kidiaba akawika tena, Amina zikapungua. Ya tatu ilikuja kabla Petro hajafungua mdomo. Mama mmoja wa kwaya akaangua kicheko, kicheko kikashika benchi lote, na mkesha ukavunjika saa tisa usiku kabla ya sadaka.

Hapo kwenye sadaka ndipo nilipojipatia adui. Jumatatu wakaguzi walikuja moja kwa moja kwangu, hawakubisha kwa mtu mwingine, na walimjua jogoo kwa jina.

Nikaamua basi, kama sheria iko, ibadilishwe. Lakini ibadilishwe na nani? Kwa sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, komini ina baraza lake la kujadili mambo ya komini. Vizuri sana. Ila madiwani wa kukaa katika baraza hilo walichaguliwa kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Desemba 2023. Miaka kumi na mitano viti vilingoja watu. Mtu akitaka kitu kikubwa zaidi, liko Bunge la mkoa linalotunga sheria za mkoa, na baada ya uchaguzi wa 2018 aliingia humo nani? Kidiaba, yule mwenye miguu mizima. Mke wangu alinishauri nisimpelekee ombi lolote linaloanza na maneno "jogoo wako."

Nikaandika barua kwa komini. Niliipenda barua ile. Nilieleza kwamba Kampala ilijitungia sheria ndogo za mifugo mwaka 2006, kwamba kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, na kwamba hata Marekani, katika mji wa Madison, wafugaji waliokuwa wakificha kuku wao walitoka mafichoni mwaka 2004 baada ya mji kuruhusu matetea wanne kwa nyumba, jogoo hapana. Kipengele cha jogoo nilikipitia haraka. Nikapendekeza banda likae mbali na ukuta wa jirani, kinyesi kizolewe, na kila kuku achanjwe dhidi ya Newcastle. Hilo la chanjo nililiandika kwa uchungu. Ugonjwa huu ukiingia kwenye avenu, asubuhi unakuta kuku amepinda shingo, jioni unachimba shimo, keshokutwa banda ni tupu na la jirani pia. Kinga yake ni tone moja la chanjo kwenye jicho: unamlaza kuku kwapani, unamfungua kope kwa kidole gumba, unadondosha, unangoja apepese. Katika wakaguzi wote waliopita kwangu, hakuna aliyeuliza habari za tone hilo. Wote waliuliza jogoo ana kilo ngapi.

Katibu aliisoma barua mpaka mwisho, akasifu Kifaransa changu, akasema imepungukiwa vitu viwili: sahihi za wakaaji, na nakala ya sheria ninayotaka ibadilishwe.

"Nakala ndiyo niliyokuja kuomba kwenu, mukubwa."

"Kwetu? Wewe ndiye mwenye ombi."

"Lakini sheria ni yenu."

"Papa, unataka kubadilisha kitu usichokuwa nacho?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Alinielekeza kwenye chumba cha kumbukumbu, na mzee wa kumbukumbu akanielekeza kwa shefu wa kartie, na shefu wa kartie, mtu mwema aliyenikaribisha munkoyo baridi, akaniambia karatasi za namna hiyo zinakaa kwa katibu. Aliongeza kwamba iko.

Kwenye sahihi nilikuwa na tumaini zaidi. Nilichora jedwali kwenye daftari la shule: namba, jina, avenu, idadi ya kuku, sahihi. Nikampa mtoto wa dada yangu apite nyumba kwa nyumba, kijana mwenye ulimi mzuri. Siku za kwanza daftari lilirudi na majina machache ya kusuasua. Mzee mmoja alitaka tuongeze bata. Mwingine akataka mbuzi, na pembeni akaandika pia kodi ya pikipiki. Halafu ghafla watu wakaanza kutiririka. Majina kutoka avenu ya pili, ya tatu, kutoka kartie nyingine kabisa. Mama wa sokoni walikuja kwangu wenyewe, usiku, wakisisitiza niandike vizuri jina la ukoo. Idadi ya kuku nayo ilinishangaza: watu ambao sijawahi kusikia hata unyoya kwao waliandika hamsini, mmoja mia moja. Nikamwambia mke wangu, ona, taifa limeamka. Yeye alikuwa anasonga bukari, hakugeuka, akasema niende nikasikilize watu wanasema nini kwenye bomba la maji.

Nilikwenda. Kwenye bomba ilikuwa habari ya mjini: kuna shirika, wengine walisema la Wakanada, wengine la mke wa mkubwa fulani, linagawa vifaranga vya mayai. Safu ya "idadi ya kuku" ni idadi unayotaka kupewa. Mtoto wa dada yangu aliapa kwamba hakuwahi kusema hivyo. Alisema tu kwamba hakuwahi kukanusha.

Jumamosi asubuhi nilikuta watu langoni na maboksi ya kanga na ya sabuni, yametobolewa matundu ya hewa kwa ustadi. Nilisimama juu ya tofali nikaeleza: ombi, baraza, sheria ya 2008, Kampala, Madison. Walinisikiliza kwa subira ya watu waliozoea hotuba kabla ya kugawiwa. Nilipomaliza wakapiga makofi, kisha wakasogea kwa foleni. Wa kwanza kabisa alikuwa mchungaji, boksi kubwa mkononi, jina lake liko kwenye ukurasa wa pili wa daftari, vifaranga thelathini.

Alinivuta kando kwa upole, akanishika bega, akaniuliza kama vya kwake inawezekana vikawa matetea watupu.